Chanjo ya homa ya mafua: Je, anayetuhudumia wodini naye achanjwe?

Katika familia nyingi za Kiislamu za nchi zetu, chanjo ya homa ya mafua hutajwa mara moja tu, pale baba au mama anapojiandaa kwenda Hija. Akifika kituo cha chanjo huchomwa ile ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Serikali ya Saudi Arabia imeifanya kuwa sharti. Kisha huelezwa kwamba ipo nyingine, ya mafua, ambayo inapendekezwa, hasa kwa wazee, wajawazito na wenye maradhi ya kisukari, pumu na moyo. Hapo ndipo mzee hushangaa: mafua nayo yana chanjo? Hucheka, akakunja mkono wa kanzu, na mambo yakaisha. Ni nadra sana kumuuliza muuguzi aliyeshika sindano kama yeye mwenyewe amechanjwa. Swali hilo ndilo tunalotaka kulizungumza juma hili, kwa sababu muuguzi huyo hamhudumii hujaji mmoja. Akitoka hapo huenda akaingia wodi ya wazazi, au ya watoto, au akamgeuza kitandani mzee aliyelazwa kwa kiharusi.

Kwanza tutenganishe maradhi mawili ambayo mazungumzo yetu ya kila siku huyaweka chini ya jina moja. Mafua ya kawaida ni kamasi, chafya na koo kuwasha. Siku nne tano mtu yu mzima. Homa ya mafua humwangusha mtu ghafla kwa homa kali, maumivu ya misuli na kikohozi kikavu, na kwa baadhi ya watu huteremka mapafuni ikawa nimonia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufariki kwa matatizo ya kupumua yatokanayo na homa hii. Huku kwetu karibu na Ikweta haina msimu mmoja ulio wazi kama katika nchi za baridi. Huweza kuonekana mwezi wowote. Na kwa kuwa mwenye homa hupimwa malaria kwanza, na mara nyingi hapimwi kingine, wengi huipata wakapona, na wengine wasipone, bila ya jina lake kutajwa.

Mtu anaweza kusema: basi muuguzi akiumwa akae nyumbani, yatosha. Ni rai nzuri, na tutairudia. Lakini katika majira ya baridi ya mwaka 1993 na 1994, watafiti katika jiji la Glasgow, Scotland, walichukua damu za wahudumu wa afya 518 wa hospitali nne, kabla na baada ya msimu wa homa ya mafua. Waliwakuta 120 kati yao, sawa na asilimia 23, wana alama za kuambukizwa katika msimu ule. Jambo la kuzingatia ni hili: katika hao walioambukizwa, asilimia 59 hawakukumbuka kuumwa homa ya mafua, na asilimia 28 hawakukumbuka hata kikohozi au mafua madogo. Kwa maneno mengine, mhudumu anaweza kuubeba ugonjwa huku anajiona mzima, akasalimia, akapima mapigo ya moyo, akamnyanyua mtoto mchanga, na asiwe na sababu yoyote ya kubaki nyumbani.

Hapa ndipo hoja ya chanjo inapoingia. Tangu zamani Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwachanganye na ngamia wazima, na wanazuoni wakaichukua kuwa asili ya kuzuia madhara kabla hayajatokea. Lakini mwenye ngamia yule anamjua ngamia wake mgonjwa. Muuguzi wa Glasgow hakujijua.

Je, kumchanja mhudumu kunamlinda mgonjwa kweli? Tungependa kujibu ndiyo kwa neno moja, na mabango ya hospitali za Ulaya na Marekani hujibu hivyo. Ukweli una mikunjo zaidi. Majaribio makubwa yaliyotegemewa kwa miaka mingi ni manne, yaliyofanyika Uingereza na Ufaransa katika nyumba na hospitali za kulelea wazee. Moja lao lilihusu hospitali 20 za Scotland, ambazo ziligawanywa kwa bahati nasibu: katika kundi moja wahudumu walipewa chanjo, na karibu nusu yao wakaikubali, katika kundi la pili hawakupewa, na waliojitafutia wenyewe hawakufika asilimia 5. Msimu ulipokwisha, wazee waliofariki katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 13.6, na katika kundi la pili asilimia 22.4. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000 na yakapokewa kwa furaha kubwa.

Lakini wasomaji makini waliona kasoro. Wazee waliopimwa ili kutafuta kirusi chenyewe hawakuonyesha tofauti ya maana baina ya makundi hayo mawili. Sasa kama homa ya mafua haikupungua, vifo vilipunguzwa na nini? Huenda makundi hayakuwa sawa tangu mwanzo. Taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya na kuyapima upya majaribio ya tiba, iliyapitia haya zaidi ya mara moja, na katika mapitio yake ya mwaka 2016 ikasema haikupata ushahidi wa kukata shauri kwamba kuwachanja wahudumu kunapunguza homa ya mafua iliyothibitishwa maabara kwa wazee wanaoishi katika nyumba hizo. Mwaka uliofuata watafiti wa Canada na wenzao wakapiga hesabu: kama faida iliyotangazwa na majaribio yale ingekuwa ya kweli, basi chanjo za wahudumu wa Marekani zingezuia vifo vingi mno, idadi isiyoweza kuingia akilini.

Kwa nini tunayaeleza yote haya katika ukurasa wa familia? Kwa sababu baadhi ya ndugu zetu wameyasikia nusu nusu, katika ujumbe wa simu unaosambazwa usiku, kwamba wazungu wenyewe wamekiri chanjo haina maana. Hawakukiri hivyo. Cochrane ileile, ilipoangalia watu wazima wenye afya mwaka 2018, ilikuta kwamba chanjo inapunguza homa ya mafua kutoka asilimia 2.3 ya watu hadi asilimia 0.9 katika msimu. Kinga yenyewe si ya kutangazia ngoma: katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kumpeleka mtu kwa daktari kwa takriban asilimia 40 hadi 60. Msimu wa 2014 na 2015 huko Marekani virusi vilibadilika, na kinga ikashuka hadi karibu asilimia 19. Aliyechanjwa hupunguziwa hatari, haondolewi. Asiyeambukizwa haambukizi wengine, hilo halihitaji jaribio la kisayansi kulielewa. Kilichopingwa ni ukubwa wa faida kwa mgonjwa aliye kitandani, nasi tunaona ni haki kupingwa.

Tuje kwenye usalama, ambako ndiko wauguzi wengi wenyewe wana wasiwasi. Ni makosa kuwadhania ujinga. Aghalabu mwenye kuhoji sindano ni yule anayezichoma kila siku.

Sindano ya homa ya mafua haina kirusi hai. Virusi hukuzwa, mara nyingi ndani ya mayai ya kuku, kisha huuawa na kuvunjwavunjwa, na kinachobaki ni vipande vya kuufundisha mwili kumtambua adui. Hivyo sindano haiwezi kumpa mtu homa ya mafua. Inaweza kumpa maumivu ya bega, uchovu na homa ndogo ya siku moja au mbili. Kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka, na anayeugua ndani ya muda huo huishutumu sindano bure. Kuna chanjo ya kupuliziwa puani ambayo ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Hiyo hawapewi wajawazito wala wenye upungufu mkubwa wa kinga.

Hata hivyo, historia ya chanjo hii ina kurasa mbili ambazo hatuna haki ya kuzificha.

Ya kwanza ni ya Marekani. Februari 1976 askari kijana alifariki katika kambi ya Fort Dix, jimbo la New Jersey, na kirusi kilichokutwa kikafanana na kile cha nguruwe. Wakubwa wakahofia kwamba balaa la mwaka 1918, lililoua mamilioni ya watu duniani, limerudi. Rais Gerald Ford akatangaza kuchanja taifa zima. Kuanzia Oktoba hadi Desemba walichanjwa watu zaidi ya milioni 40, kisha kazi ikasimamishwa ghafla, kwa kuwa watu walianza kupooza miguu na mikono kwa maradhi yaitwayo Guillain-Barré, ambayo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu. Ilikadiriwa kwamba chanjo ile iliongeza mgonjwa mmoja hivi kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Na lile balaa lililohofiwa halikuja. Watu walidhurika kwa kukingwa na ugonjwa usiotokea. Hilo ni jambo zito, na hadi leo wapo wanaolikumbuka. Tangu hapo chanjo za kila mwaka zimefuatiliwa kwa karibu, na tafiti ama hazikuona ongezeko, ama ziliona mgonjwa mmoja au wawili kwa kila watu milioni moja. Homa ya mafua yenyewe huleta maradhi hayohayo, na kwa uwezekano mkubwa zaidi kuliko chanjo.

Ya pili ni ya Ulaya. Katika mlipuko wa mwaka 2009 ilitumika chanjo iliyoitwa Pandemrix, na watu zaidi ya milioni 30 barani humo waliipata. Agosti 2010 madaktari wa Finland na Sweden wakatoa taarifa ya watoto na vijana waliopatwa na narkolepsi, maradhi ya kushikwa na usingizi mzito mchana bila ya kujizuia, ambayo hayana tiba ya kuyaondoa. Uchunguzi ulithibitisha uhusiano: huko Finland alipatikana takriban kijana mmoja kwa kila 16,000 waliochanjwa, na wengi wao walikuwa na asili fulani ya kurithi. Chanjo hiyo haitumiki tena. Haikuwa ile ya kila mwaka, lakini mzazi wa Helsinki ambaye mwanawe husinzia juu ya sahani ya chakula hawezi kufarijiwa kwa maelezo hayo. Sisi tunachukua mambo mawili katika visa hivi. Moja, kwamba madhara adimu hugunduliwa pale tu yanapohesabiwa, na nchi isiyohesabu haiwezi kudai kwamba chanjo zake zote ni salama. La pili, kwamba zilipohesabiwa, chanjo za kila mwaka, ambazo wamepewa mamia ya mamilioni ya watu kwa miongo mingi, zimeonekana kuwa na hatari ndogo mno.

Kuhusu zebaki tutasema kwa ufupi. Chupa zenye dozi nyingi hutiwa dawa ya kuzuia vijidudu iitwayo thaimerosali, ambayo ina aina ya zebaki inayotoka mwilini haraka kuliko ile ya samaki wakubwa wa baharini. Tafiti kubwa hazikuikuta na uhusiano na usonji. Asiyeitaka aombe chupa ya dozi moja.

Halafu kuna nguruwe, na safari hii si jina la kirusi tu. Chanjo ya puani wanayopewa watoto wa shule nchini Uingereza ina gelatini itokanayo na nguruwe, na ndugu zetu Waswahili walioko huko wametuma swali hili kwa masheikh wao tangu mpango huo ulipoanza mwaka 2013. Wanazuoni na matabibu zaidi ya mia moja waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliona kwamba gelatini iliyogeuzwa dhati yake kabisa imetoka katika hukumu ya najisi, mfano wa pombe inayogeuka siki. Lakini si wote walioridhika. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, hayaipanui sana hukumu hiyo ya kugeuka kwa najisi, na masheikh kadhaa huko Uingereza wamesema mzazi asiikubali maadamu ipo badala yake. Alhamdulillahi, badala yake ipo: sindano isiyo na gelatini ya nguruwe, ambayo mzazi wa huko ana haki ya kuiomba. Muuguzi mtu mzima huchomwa sindano, kwa hiyo mzozo huu haumgusi. Mwenye shaka amwombe mfamasia amsomee karatasi iliyomo ndani ya boksi, maana viungo vyote vimeandikwa humo.

Je, muuguzi akikataa afukuzwe? Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle ilikuwa ya kwanza Marekani kuifanya chanjo hii kuwa sharti la kazi, mwaka 2005. Kabla ya hapo waliochanjwa walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Baada ya sharti wakapita asilimia 97. Chama cha wauguzi kilipinga na kikashinda: wanachama wake wakaruhusiwa kukataa, ila wavae barakoa. Huko Ontario, Canada, msuluhishi wa migogoro ya kazi aliamua mwaka 2015 kwamba hata kanuni ya chanjo au barakoa haikuwa na ushahidi wa kutosha kuihalalisha. Uingereza haikulazimisha, na huko wahudumu waliochanjwa walipita robo tatu katika mwaka wa kwanza wa Uviko, kisha wakashuka hadi chini ya nusu katika miaka ya karibuni. Watu walichoka, na walichoka zaidi kuamrishwa kuliko kuchomwa.

Rai yetu ni kwamba mhudumu wa afya achanjwe, na asilazimishwe. Mwili wa mgonjwa ni amana mikononi mwake, hatari kwake yeye ni ndogo mno, na yeye mwenyewe ndiye anayekoholewa usoni kila siku. Shirika la Afya Duniani linamweka miongoni mwa wanaostahiki kutangulizwa, pamoja na wazee, wajawazito na wenye maradhi sugu. Lakini kumnyang'anya mama wa watoto watatu mshahara wake kwa ushahidi ambao wataalamu wenyewe wanaushindania, hiyo ni dhuluma iliyovaa koti jeupe.

Na kwetu huku kulazimisha kungekuwa kichekesho, kwa kuwa chanjo yenyewe haipo. Haimo katika ratiba ya kawaida ya Tanzania wala Kenya. Anayeitaka huitafuta katika hospitali binafsi au vituo vya wasafiri na huilipia mfukoni mwake. Muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ambayo mama wawili hulala kitanda kimoja na ndugu wamejipanga sakafuni kwenye mikeka ana hatari kubwa kuliko mwenzake wa Seattle, wala hajaulizwa kama anaitaka. Kabla ya kumtaka awe mwadilifu kwa wagonjwa, mwajiri angemnunulia dozi. Aidha angempa ruhusa ya kubaki nyumbani akiwa na homa bila ya kukatwa posho, maana tunawajua wauguzi wanaofanya kazi huku wanatetemeka kwa sababu hakuna wa kuwashikia zamu.

Wengi watauliza ni nani hasa anayepata hasara tukichelewa. Ni mtoto mchanga. Chanjo ya homa ya mafua haitolewi kwa aliye chini ya miezi sita, kwa hiyo kinga yake yote hutoka kwa watu wanaomzunguka, wa kwanza akiwa mama yake. Bangladesh walilijaribu jambo hili kwa wajawazito 340, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: watoto wa mama waliochanjwa wakiwa na mimba walipata homa ya mafua iliyothibitishwa kwa asilimia 63 pungufu kuliko wenzao. Huko Bamako, Mali, jaribio kubwa zaidi lililohusu wajawazito zaidi ya 4,000 lilionyesha kwamba kinga inayopita kwa mtoto huwa na nguvu katika miezi minne ya mwanzo, kisha hufifia. Nchi zote mbili ni za Waislamu wengi, na mama hao waliingia kwa hiari zao. Tunalitaja hili kwa sababu ujumbe wa simu hupenda kusema chanjo hizi huletwa kuwafanya wake zetu wawe tasa. Hao wa Dhaka na Bamako walikuwa wajawazito tayari, wakajifungua, na watoto wao ndio waliohesabiwa.

Kwa familia inayotaka kuchukua hatua, mambo ni machache. Mjamzito, mzee na mwenye pumu au kisukari waulize bei katika kituo kilicho karibu, na waangalie tarehe iliyoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa chanjo hubadilishwa kila mwaka: wataalamu huchagua virusi Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini na Septemba kwa ajili ya kusini, na ya mwaka jana haifai. Hujaji asisubiri mkesha wa safari, bali awahi wiki mbili au zaidi. Anayemtembelea mzazi aliyejifungua akiwa na kikohozi asimbusu mtoto, hata kama ni bibi yake. Aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hii, au aliyepatwa na Guillain-Barré ndani ya wiki sita baada ya kuchanjwa, amweleze daktari kabla ya kukunja mkono. Na akishachomwa akae pale kituoni kwa dakika kumi na tano, kwa kuwa mzio mkali, ambao ni nadra, hujitokeza mapema na dawa yake iko palepale mezani kwa muuguzi.